Nyumba Inayofanana na Maisha Yako: Mwongozo Kamili wa Kuchagua Mtindo wa Ndani, Kutoka Kisumu hadi Nakuru

Ukiingia nyumba mpya za Mamboleo na Riat huko Kisumu, au Lanet huko Nakuru, siku hizi, sebule nyingi zinafanana: kuta nyeupe pe, kochi la kijivu, zulia la manyoya, taa zilizofichwa kwenye jipsamu na mmea wa plastiki pembeni. Mwenye nyumba aliiona picha kwenye simu, akamtumia fundi, fundi akaifuata. Miezi michache baadaye kochi lina alama za vidole vya watoto, zulia limeshiba vumbi, na alasiri hakuna anayetaka kukaa upande wa dirisha. Mtindo wenyewe hauna kosa. Ulibuniwa na watu wenye hali yao ya hewa, wageni wao na mapishi yao, na wahenga walishatuambia kuhusu nguo ya kuazima.

Kwa hiyo mwongozo huu hauanzi na rangi wala makochi. Unaanza na kujua kila mtindo ulikuwa unatatua shida gani, kisha unapima kama shida hiyo wewe unayo.

Jua mtindo ulitoka wapi

Chukua mtindo wa Skandinavia, unaopendwa sana kwenye picha. Copenhagen, mji mkuu wa Denmaki, hupata mwanga wa jua saa 7 hivi tu kwa siku mwezi wa Desemba. Ndiyo maana kuta zao ni nyeupe, mbao zao za rangi hafifu na madirisha yao mapana: hawataki mwanga kidogo walio nao upotee. Mazulia ya sufu na mishumaa ni ya kupambana na baridi na giza. Kisumu iko karibu kabisa na ikweta. Tuna saa 12 za mwanga mwaka mzima, na jua la saa tisa alasiri halihitaji msaada wa mtu. Dirisha pana lisilo na kivuli, likitazama magharibi, linaifanya sebule isikalike.

Lakini ndani ya mtindo huo kuna falsafa ambayo Wadenmaki huiita hygge: kukaa pamoja bila haraka, taa zikiwa chini, mkononi kuna kinywaji cha moto. Hiyo Nakuru inaifaa sana, maana usiku wa Julai huko si wa kuchezea. Chukua ukaaji wenyewe, taa ya pembeni na blanketi kwenye kochi. Kuta nyeupe si lazima zije nazo.

Japani ilitupa wabi-sabi, mtazamo unaoona uzuri kwenye kitu kilichotumika, chenye mkwaruzo, kisicholingana sawasawa. Ulikomaa kwenye vyumba vya chai katika karne ya 16, na jina linalotajwa zaidi ni la Sen no Rikyū (1522–1591), aliyependelea bakuli za udongo za kawaida na chumba kidogo kisicho na mapambo. Nyumba za huko pia zina mahali pa kuvulia viatu mlangoni. Mtu wa Kakamega anayeingia na matope ya mvua, au wa Nakuru anayeingia na vumbi la Januari, atafaidika na hilo kuliko na pambo lolote la ukutani.

Kisha kuna minimalizimu, mtindo wa vitu vichache na kuta tupu. Mizizi yake mikubwa iko Ujerumani, kwenye shule ya Bauhaus iliyoanzishwa na Walter Gropius mjini Weimar mwaka 1919, mara tu baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, na kufungwa mwaka 1933. Walitaka vitu vizuri ambavyo kiwanda kinaweza kutengeneza kwa wingi. Marcel Breuer wa shule hiyo hiyo alitengeneza viti vya mabomba ya chuma yaliyopindwa katikati ya miaka ya 1920. Watu hudhani minimalizimu ni rahisi kwa sababu vitu ni vichache. Ni kinyume. Ukuta mtupu unaonyesha kila plasta iliyopinda, na kona isiyo na ubao wa kuficha inamfichua fundi aliyekimbia kazi. Kama huna bajeti ya kuta zilizonyooka, usiuchague mtindo huu. Picha, rafu na mapazia yatakusaidia zaidi.

Mtindo wa kiwandani, wenye matofali wazi na chuma cheusi, ulitokana na viwanda vilivyoachwa New York, hasa mtaa wa SoHo, ambako wasanii walihamia miaka ya 1960 kwa sababu kodi ilikuwa ndogo na nafasi kubwa. Huku kwetu mafundi wa kuchomelea wa jua kali wanakutengenezea fremu ya meza au rafu ya chuma kwa bei nafuu, kwa hiyo nusu ya mtindo huo tunayo tayari. Nusu nyingine, ya kuacha paa wazi, iache. Mabati bila dari Kisumu ni joto mchana, na mvua ikinyesha hamsikilizani.

Mtindo ambao nashangaa hautajwi sana kanda ya ziwa ni wa Lamu. Mji Mkongwe wa Lamu uliingizwa kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2001, na nyumba zake ni jibu la joto lenye unyevu, ambalo ndilo joto la Kisumu: kuta nene za mawe ya matumbawe, chokaa, ua wa ndani, zidaka zilizochongwa ukutani badala ya makabati yanayobana chumba, na baraza mlangoni ambapo mgeni anapokelewa kabla hajaingia ndani kabisa. Mtu wa Kisumu atapata mengi ya kumfaa Lamu kabla ya kufika Copenhagen.

Na usidharau sebule ya mama yako. Picha za mahafali ukutani, kabati la vyombo vya vioo, makochi yamepangwa kuzunguka chumba ili kila mgeni aonekane, na vitambaa vyeupe vya kufumwa juu ya kila egemeo. Wabunifu wa leo wanauita mtindo wa kujaza vitu, na wengine wameanza kuurudia. Vile vitambaa vina kazi: vinazuia mafuta ya nywele na jasho visiingie kwenye kochi, na vinafuliwa Jumamosi. Aliyenunua kochi la rangi ya krimu bila vitambaa anajua nasema nini. Vifumwe kwa rangi moja inayoendana na mapazia, na sebule itaonekana ya leo bila kupoteza akili iliyokuwa ndani yake.

Hatua ya kwanza: andika kazi za nyumba

Kabla ya kufungua picha yoyote, chukua daftari na kwa wiki moja andika nani anakaa wapi, saa ngapi, anafanya nini. Watoto wanafanyia kazi ya shule wapi? Chama kinakuja kwako lini, na watu wangapi? Ndugu wa kijijini wakija Desemba wanalala wapi? Nani anasali saa kumi na moja alfajiri na anahitaji kona tulivu?

Mama mmoja wa Mamboleo niliyemsaidia kupanga nyumba alitaka jikoni lisilo na ukuta, liungane na sebule kama alivyoona kwenye picha. Nikamuuliza, "Mama, hapa mnapika samaki mara ngapi kwa wiki?"

Akacheka. "Karibu kila siku. Na omena, baba watoto hakai bila omena."

Tukabaki na ukuta wa nusu wenye kioo cha kuteleza juu yake, akaweka jiko la pili kwenye veranda ya nyuma la kukaangia. Akifungua kioo, anaongea na wageni akikata sukuma. Akianza kukaanga, anakifunga na kutoka nje. Jikoni lisilo na ukuta linawafaa watu wanaopika kwa muda mfupi na moshi mdogo. Omena iliyokaangwa inaingia kwenye pazia na kochi, na haitoki kwa siku kadhaa.

Ukimaliza daftari, zungushia mambo matatu yanayotokea mara nyingi zaidi. Hayo ndiyo yatakayoamua mpango wa vyumba. Mengine yatafuata.

Hatua ya pili: soma jua, upepo na vumbi

Simama katikati ya kila chumba mara tatu kwa siku: saa mbili asubuhi, saa sita mchana na saa kumi jioni. Andika jua linapiga wapi. Hapa karibu na ikweta ukuta wa mashariki na wa magharibi ndiyo inayoumia, na wa magharibi ndiyo mbaya zaidi kwa sababu unapigwa wakati nyumba imeshapata joto la siku nzima. Kitanda na kochi kuu visiwekwe huko. Weka kabati la nguo, bafu, stoo au ngazi. Kama dirisha la magharibi lipo tayari, kivuli cha nje kinasaidia kuliko pazia, kwa maana pazia linalizuia jua likiwa limeshaingia ndani. Panda mti, jenga pergola (fremu ya kivuli yenye nguzo), au ning'iniza chiki, yaani pazia la mianzi, kwa nje.

Kisumu mchana upepo hutoka ziwani kuelekea nchi kavu, na usiku mara nyingi hugeuka. Unaupata ukiwa na matundu pande mbili za chumba zinazotazamana. Nimeona nyumba nzuri ambapo kabati la televisheni limeziba dirisha la pili, halafu mwenye nyumba ananunua feni. Kanda ya ziwa ni eneo la malaria, kwa hiyo madirisha yanayofunguliwa yawekewe wavu, na chandarua kiingizwe kwenye mpango wa chumba cha kulala tangu mwanzo. Fremu ya mraba juu ya kitanda, chandarua cheupe kikianguka hadi chini, inapendeza kuliko kamba na msumari. Na zile nzi ndogo za ziwani hufuata taa: balbu ya veranda isogezwe mbali na mlango.

Nakuru ina mambo mengine. Mji uko kwenye mita 1,850 hivi juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo jioni kuna baridi, na kiangazi kuna vumbi laini linaloingia hata dirisha likiwa limefungwa. Jua la asubuhi huko ni zawadi, liache liingie. Mapazia mazito yenye bitana, zulia linalokung'utika, na rafu zenye milango badala ya rafu wazi vinafaa. Kakamega na Vihiga adui ni unyevu: sogeza kabati sentimita 5 hadi 10 kutoka ukutani ili hewa ipite, la sivyo utakuta ukungu nyuma yake na kwenye koti la harusi.

Hatua ya tatu: chagua falsafa moja, kisha sura moja

Hapa ndipo watu wengi huchanganya. Falsafa inaamua kinachoingia na kutoka nyumbani. Sura inaamua kinavyoonekana. Mtu anaweza kuishi kwa falsafa ya vitu vichache na bado akapenda rangi kali za kitenge. Mwingine anakusanya kumbukumbu za ukoo mzima, lakini anazipanga kwa utulivu.

Jiulize unapumzika vipi. Kama unapumzika ukiwa na watu, nyumba yako ni ya wageni: viti vingi, stuli za kupangwa moja juu ya nyingine, meza ndogo ndogo badala ya moja kubwa katikati. Kama unapumzika ukiwa peke yako baada ya kazi ya kelele, punguza vitu na taa. Mke na mume wakitofautiana, na mara nyingi hutofautiana, sebule ifuate anayependa wageni, chumba cha kulala kifuate anayependa utulivu. Msijaribu kuchanganya nusu kwa nusu kila chumba.

Baada ya hapo andika sentensi moja, mfano: "Nyumba ya wageni, yenye sura ya Lamu, mbao nyeusi na kuta za chokaa." Kila kitu unachotaka kununua kipime kwa sentensi hiyo.

Hatua ya nne: rangi

Kanuni ya 60-30-10 inasaidia anayeanza: asilimia 60 ya chumba ni rangi tulivu ya kuta na sakafu, 30 ni makochi na mapazia, 10 ni rangi kali ya mito, chungu au mkeka. Mahali penye jua kali, badala ya nyeupe pe, tumia nyeupe iliyovunjwa kidogo kwa manjano au kijivu. Haitakuumiza macho mchana. Kama sakafu yako ni ya simenti nyekundu iliyosuguliwa, usikimbilie vigae. Ni baridi miguuni, na ikikaa pamoja na mbao nyeusi na ukuta wa krimu inapendeza sana.

Nunua kopo dogo, paka kipande cha nusu mita kwa nusu mita kwenye kuta mbili tofauti, na ukitazame asubuhi, jioni na usiku taa ikiwaka. Kisha piga hesabu. Chumba cha mita 4 kwa 4 chenye kuta za mita 3 kina mita za mraba 48. Toa 5 za mlango na dirisha, unabaki na 43. Mikono miwili ya rangi ni 86. Lita moja ya emalsheni, yaani rangi ya maji, kwenye ukuta laini hufunika mita za mraba 10 hivi, kwa hiyo unahitaji lita 9 kwa makadirio. Fundi akikuambia ununue lita 20 kwa chumba hicho kimoja, muulize zinakwenda wapi.

Plasta mpya iache ikauke wiki nne kabla ya kupaka. Ukiharakisha, rangi itafura na kubanduka, na lawama itaangukia kopo.

Hatua ya tano: samani na seremala

Kabla ya kwenda kwa maseremala wa soko la Kibuye, Kisumu, chora chumba kwenye karatasi yenye miraba, mraba mmoja ukiwa nusu mita. Njia ya kupita iwe na sentimita 75 hadi 90. Kati ya kochi na meza ya kati acha 40 hadi 45, mtu aweze kuweka kikombe bila kuinuka na bado magoti yapite. Mezani, kila mtu anahitaji upana wa sentimita 60. Pima pia mlango wa mbele na kona ya ngazi. Makochi mengi yamewahi kurudi kwa seremala kwa sababu yamekwama hapo.

Ukifika, usianze na kitambaa. Mwombe fundi akuonyeshe fremu kabla hajaivisha. Tazama pembe: zimefungwa kwa gundi na skrubu, na kipande cha mbao cha pembetatu ndani, au ni misumari tu? Kisha shika mguu mmoja wa mbele na uuinue sentimita 15 hivi. Fremu imara itainuka na mguu wa pili wa mbele. Kama mguu wa pili umebaki chini na fremu inapinda, hilo kochi litaanza kulia kabla ya mwaka kwisha. Ulizia mbao. Mvule hauliwi na mchwa kwa urahisi na unadumu, ila bei yake inajulikana. Saiprasi ni nzuri kwa fremu ikiwa kavu. Mkaratusi mbichi hupinda na kupasuka, na "imekauka, mama" ni jibu utakalopewa hata kama mti ulianguka mwezi uliopita. Linganisha uzito wa vipande viwili vya ukubwa mmoja na mti mmoja: kilicho kizito waziwazi bado kina maji. Sponji ya kukalia iwe ya haidensiti, yaani iliyoshikana na ngumu. Ya egemeo inaweza kuwa laini zaidi.

Hatua ya sita: mwanga

Kwenye boksi la balbu kuna nambari yenye herufi K. Kati ya 2700 na 3000 mwanga ni wa manjano, wa kupumzika: sebule, chumba cha kulala, veranda. Nambari 4000 inafaa jikoni na mezani pa kusomea. Nambari 6500 ni ule mweupe wa samawati unaouzwa zaidi madukani, na ndio unaofanya sebule nyingi zionekane kama zahanati. Badilisha balbu kabla ya kubadilisha kochi. Huenda kochi likakupendeza upya. Weka vyanzo viwili au vitatu vya mwanga kwenye sebule, angalau kimoja kikiwa chini ya usawa wa macho ya aliyeketi.

Hatua ya saba: vitu vya kwetu

Mapambo hayana haja ya kusafiri. Dunga, ufukweni Kisumu, kuna mikeka na vikapu vya mafunjo. Gugumaji linalosumbua wavuvi wa ziwani hukaushwa likasukwa viti, vikapu na vifuniko vya taa. Likague, lisiwe na harufu ya unyevu, na usiliweke bafuni. Jiwe la sabuni la Tabaka, Kisii, unaweza kulinunua likiwa na rangi yake ya asili badala ya lililopakwa, na bakuli moja kubwa juu ya meza linatosha. Chungu cha udongo chenye alama nyeusi za moto ni wabi-sabi kamili, na hakikuhitaji kutoka Kyoto, Japani.

Picha za familia zishuke kutoka karibu na dari. Katikati ya picha iwe sentimita 145 hadi 150 kutoka sakafuni. Ukiwa na nyingi, zikusanye ukuta mmoja, fremu za rangi moja, nafasi ya sentimita 5 kati yake.

Nyumba ikiwa ya kupanga, fuata hatua hizi hizi lakini weka fedha kwenye vitu utakavyohama navyo: taa za kusimama, mikeka, mapazia marefu, rafu ya chuma isiyotobolewa ukutani. Rangi uliza mwenye nyumba kwanza, kwa maandishi.

Mpangilio wa kutumia fedha

Anza na paa linalovuja, nyaya za umeme na plasta. Kisha wavu wa madirisha na kivuli cha magharibi. Halafu rangi, balbu, kochi na kitanda, mapazia, na mapambo mwisho kabisa. Usinunue seti nzima ya samani siku moja. Kaa na kochi na meza peke yake mwezi mmoja, na utajua chumba kinadai nini. Rangi ikibaki, mimina kwenye chupa ya kioo, funga vizuri, andika jina la chumba, nambari ya rangi na tarehe, uiweke stoo. Utaihitaji siku mtoto atakapochora gari ukutani.